Kibati Namba Kumi na Saba

Jumamosi, 1 Machi

Daftari hili ni la kanisa. Mchungaji alinipa niandikie mambo ya bustani: nani ana tuta lipi, nani yuko kwenye orodha ya kusubiri, somo la lishe lilihusu nini. Hayo yapo upande wa mbele, kwa mwandiko mzuri. Leo nimeligeuza nikaanzia nyuma. Huku nyuma naandika yangu, na Mchungaji akiyaona, shauri yake.

Leo vibati vimetundikwa. Seremala amekata vipande ishirini na vinne vya bati, kila kimoja na namba ya tuta, upande mmoja amepaka kijani na mwingine ameuacha mtupu. Vipo kwenye ukuta wa kibanda cha pampu. Ukija kulima unageuza kibati chako, kijani kionekane. Jumamosi baada ya somo Mzee wa Pampu anavisoma kwa sauti, mimi naweka alama, kisha anavirudisha upande mtupu. Kibati kisipogeuzwa Jumamosi tatu mfululizo, tuta linakwenda kwa aliye wa kwanza kwenye orodha. Sheria hiyo niliitunga mimi, na kikaoni niliipigania mpaka sauti ikakauka. Nilisema uwanja huu ulikuwa wa kuegesha magari, Mchungaji akautoa ili watu wapate chakula, wenye magari wakanuna mwaka mzima. Sasa nani atakuja kushika tuta kama anashika kiti harusini? Walinipigia makofi.

Kibati namba kumi na saba ni cha binti yangu, kitindamimba wangu. Leo hakikugeuzwa. Wiki mbili sasa ameondoka, yeye na mwanawe, Bonge.

Jumapili, 2 Machi

Wacha nikiandike kilichotokea, maana nikilala kipo, nikiamka kipo.

Jumamosi moja mwezi wa pili somo lilikuwa la utepe, ule wa kupima mkono wa mtoto, wenye kijani ya mtoto mzima, njano ya onyo na nyekundu ya njaa kali. Nimeushika tangu nikiwa mpishi wa wodi ya watoto, kabla sijastaafu. Ndiyo maana bustanini wananiita Mama Utepe, na utani wao ni kwamba nikikupa mkono wa salamu ujihadhari, nitakupima. Siku hiyo nilihitaji mtoto wa kuonyeshea. Bonge alikuwa miguuni pangu anachezea udongo, nikamnyanyua. Sikufikiri mara mbili. Huyu alizaliwa mnono mpaka wakunga wakacheka, jina la Bonge alilipata kabla kitovu hakijakauka. Nilitaka kuwaonyesha watu kijani. Nikavuta utepe, nikasoma kwa sauti kama nilivyozoea. "Njano."

Laiti ningeishia hapo! Mdomo ukaendelea wenyewe. Kila nikisoma njano nina maneno yangu, nimeyasema miaka nenda miaka rudi: "Hapo mama ajiulize, mwanangu anakula nini?" Nikayasema. Watu arobaini wakageuka kumtazama binti yangu.

Hakulia. Alinyanyuka, akamchukua mtoto mikononi mwangu, akamvalisha shati, akafunga vifungo vyote, kimoja kimoja. Kisha akaniambia kwa upole, "Asante, mwalimu." Hakusema mama. Alisema mwalimu.

Yaliyobaki niliyajua baadaye, kwa majirani. Kiwanda alichokuwa akishonea kilimwachisha kazi tangu Desemba. Mtoto aliharisha wiki nzima. Yeye alikuwa anakoroga uji mwepesi, nikipita ananiambia, "Tumeshakula, mama," nami naamini na kwenda zangu. Mitaa miwili tu kutoka kwangu! Mimi ninayezunguka nyumba za watu nafunua masufuria yao, la mwanangu sikulifunua. Siku ya tatu akafunga chumba chake akaenda kwa shangazi yake, yaani wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, safari ya siku nzima. Simu yangu hapokei.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua ya kwanza. Vibati ishirini na vitatu kijani. Kumi na saba, kitupu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimempigia wifi. Nimemwomba anipe binti yangu niongee naye, hata salamu tu.

"Ametoka," akasema.

"Bonge je?"

"Bonge yupo, anakula. Wewe je, unakula, au unapima tu?"

Wifi yangu tangu niolewe kwao hajaacha kunichokoza, na siku nyingine ningemjibu. Lakini nilisikia mtu anakohoa karibu na simu. Kikohozi kile nimekilea mimi, na mafuta ya kifuani nimekipaka miaka yote. Alikuwa amekaa palepale, anasikiliza.

Jumamosi, 15 Machi

Leo ilikuwa Jumamosi ya tatu.

Nilifika geti limefunguliwa tu, kabla ya watu. Nilijiambia nakwenda kumwagilia tuta langu, namba nne, lile tunalotoa mboga za kuonyeshea mapishi. Nikapita kibandani. Nikageuza namba nne. Mkono ukaenda kwenye kumi na saba, nikakigeuza nacho. Kilitoa mlio mdogo kwenye msumari, basi, yakaisha.

Baada ya somo Mzee wa Pampu alipoifikia namba hiyo akisoma, akasema, "Kumi na saba, kijani," nami nikaweka alama kwa mwandiko wangu mzuri.

Wa kwanza kwenye orodha ni Mama Pacha, anayefulia watu nguo majumbani. Yuko hapo tangu Januari. Baada ya somo alinifuata, mapacha wake wamemshika sketi kila mmoja upande wake.

"Mama, zamu yangu bado?"

"Bado, mwanangu."

"Haya. Nitauliza tena wiki ijayo."

Jumamosi, 22 Machi

Nimepanda kumi na saba. Mchicha nusu, maharage nusu, kama alivyopanda yeye mwaka jana. Nikiulizwa nitasema namsaidia. Sikuulizwa. Mama Pacha aliuliza la kwake. Bado.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua, mvua, mvua. Somo tulifanyia ndani ya kanisa, harufu ya viatu vilivyolowa. Kumi na saba, kijani. Bado.

Jumamosi, 5 Aprili

Sijui niandike au nikimbie mtaani nipige vigelegele.

Wifi amepiga simu mwenyewe, asubuhi, nikiwa namenya karoti za somo. Alianza na mizunguko yake, mgongo, jirani, bei ya sabuni. Nikamwambia, "Wifi, nina karoti hapa, sema."

"Mwanao ameniuliza jambo."

Nikaweka kisu chini. "Amesemaje?"

"Ameuliza, tuta langu bado lipo? Nikamwambia mimi nitajuaje matuta ya kanisa lenu. Akasema, niulizie. Kama lipo, nitakwenda kuvuna."

Nilikaa chini. Sikutafuta hata kigoda, nilikaa sakafuni pamoja na maganda.

"Mwambie lipo," nikasema. "Mwambie limepandwa. Mwambie mchicha umeota vizuri, maharage yana majani manne manne."

"Nimwambie na majani?"

"Mwambie na majani!"

Mwezi na nusu sijasikia neno kutoka kwa mwanangu, na neno la kwanza ni hilo. Hakuniuliza mimi nikoje. Sijali. Akija kuvuna atapita mlangoni kwangu, hakuna njia nyingine. Nitamwona, nitamwona Bonge. Siombi zaidi ya hapo.

Leo niligeuza kibati bila hata kuangalia nyuma.

Jumamosi, 12 Aprili

Mzee wa Pampu ndiye anayefungua geti, na ndiye anayefunga. Leo, alipomaliza kusoma vibati, akakaa kando yangu akijifuta mikono yenye grisi.

"Binti siku hizi anakuja saa ngapi? Simwoni."

"Anakuja mapema."

"Mapema kuliko mimi mwenye funguo?"

Akanitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Mimi macho yangu mabovu, Mama Utepe. Lakini si yote mawili." Akaenda zake kwenye pampu. Sikujua kama amenifichia au amenionya. Mama Pacha aliuliza, nikamjibu haraka kabla hajamaliza.

Jumamosi, 19 Aprili

Leo somo lilikuwa langu na la Mchungaji kwa pamoja. Kichwa cha somo nilikiandika mimi ubaoni, herufi kubwa: CHAKULA SI HISANI, NI HAKI. Mchungaji akaeleza vizuri sana. Alisema mtu akipewa chakula kwa kuwa tunampenda, siku tukimchukia atakufa njaa, kwa hiyo tuta halifuati mapenzi, linafuata zamu. Watu wakaitikia amina. Alinigeukia, "Si ndivyo, mama?" Nikasema ndivyo. Chaki ilikuwa imenijaa mikononi, nikapata la kufanya, nikajifuta mpaka somo likaisha.

Mama Pacha alikaa mstari wa mbele. Nimeona pacha wa pili, yule mdogo kidogo, hachezi na wenzake. Amelala mapajani kwa mama yake. Mara nyingine nisingeweza kujizuia, utepe ungeshatoka mfukoni. Leo nilijizuia, na nilijiambia ni adabu, nimejifunza. Uongo. Niliogopa nitakachosoma.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua. "Mama, zamu yangu bado?" Bado.

Jumatano, 30 Aprili

Nimetandika kitanda cha pili. Nimefua shuka, nimelianua, limenyeshewa, nimelifua tena. Nimetoa kikombe cha Bonge, cha bati, chenye mpini uliopinda kwa sababu alikuwa anakipigia sakafu. Nimekiweka mezani. Kila nikipita nakisogeza kidogo, kana kwamba hakijakaa sawa. Mchana nikakitia maji nikayanywa mwenyewe. Nikijisoma hapa najicheka, mzee mzima. Jamani, nimewakumbuka.

Jumamosi, 3 Mei

Sheria nyingine ya bustani, na hii pia niliiandika mimi: mtu havuni tuta lisilo lake. Kwa hiyo mchicha wa kumi na saba sijauchuma. Ni wa mwanangu, atakuja, atauchuma kwa mkono wake. Umerefuka mpaka kiunoni, mashina yamekuwa magumu, na wiki hii umeanza kutoa mashada ya mbegu.

Mama Pacha alisimama pale akiwa na watoto. Aliugusa kwa vidole tu, hakukata hata jani.

"Mwenye tuta hili ana raha," akasema. "Anaacha mboga inakomaa mpaka inakuwa kuni."

Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayesifia nyumba ya jirani. Halafu akaniuliza swali lake la kila wiki, nami nikamjibu jibu langu la kila wiki, tumesimama wote wawili mbele ya ule mchicha.

Jumamosi, 10 Mei

Mama Pacha hakuja. Nilidhani nitashukuru, kwamba leo hakuna wa kuniuliza. Badala yake kila geti lilipolia niligeuka. Nimegeuza kibati, na nimeandika alama, na mwandiko si mzuri.

Jumanne, 13 Mei

Nimekwenda kwake. Ni chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, mlangoni beseni tatu za nguo za watu, zimelowekwa na hazijafuliwa. Hapo tu nilijua mambo si mazuri, maana yule mwanamke haachi nguo za mtu zilale majini.

Alinifungulia. Aliona mkono wangu uko mfukoni, akasema, "Umekuja kutupima, Mama Utepe?"

"Nimekuja kukuomba ruhusa," nikasema. "Ukikataa nitakaa tu nikusalimie."

Alifikiri. Nyuma yake majirani wawili walikuwa wanaanika, na masikio yao yamesimama. Nikaingia, nikamwomba afunge mlango. Akafunga. Tukabaki sisi wanne na mwanga wa dirisha dogo.

Nilijipima mimi kwanza, mkono wangu huu mnene, utepe haukuzunguka hata nusu, pacha wa kwanza akacheka. Nikampima yeye. Kisha yule mdogo, amelala, mkono wake mwepesi, ngozi inateleza juu ya mfupa. Nilivuta utepe mpaka ukakaa. Nikaona rangi. Mdomo wangu ukafunguka kwa mazoea, nikaufunga. Nikamgeuzia mama yake.

"Soma wewe," nikasema.

Aliinama. Alikaa ameinama muda mrefu. "Yule wa kwanza alikuwa njano," akasema. "Huyu... hii ni nyekundu, siyo?"

"Ni nyekundu."

"Mimi nakuja kwenye somo kila wiki, mama. Yote unayofundisha nayajua. Mboga za majani, maharage, mafuta kidogo juu ya uji. Nayajua kwa kichwa." Akafungua mikono yake iliyochubuka kwa sabuni. "Kujua najua. Sina."

Tulikwenda zahanati palepale, mimi nimembeba mdogo, yeye mkubwa. Mganga alitupa chakula cha dawa, vile vipakiti, na akasema tumewahi, ila tumewahi kwa kuponea chupuchupu. Mita mia nne kutoka kwa mtoto yule kuna mchicha unaogeuka kuni, na mwenye kuulinda ni mimi.

Jumamosi, 17 Mei

Nilipita kibandani nikageuza namba nne peke yake.

Mzee wa Pampu alisoma moja baada ya nyingine. Alipofika kumi na saba akakigusa kibati. "Kitupu," akasema, na akanitazama, na nilijua amenipa nafasi.

Nikasimama. Nikasema, "Tuta kumi na saba halina mtu tangu mwezi wa pili. Binti yangu hayupo. Jumamosi tisa nimekigeuza mimi, na alama nimeweka mimi. Mama Pacha alistahili tuta hilo Machi kumi na tano. Kila aliponiuliza nilimdanganya."

Watu wakageuka kunitazama mimi.

Seremala ni mtu wa huruma, akasimama kunisaidia. "Mama Utepe ni mama yetu. Basi ampe Mama Pacha tuta lake, namba nne, la binti libaki. Yaishe kifamilia."

Nikiri hapa, maana hapa hapasomwi: moyo wangu uliruka. Niliona kabisa binti yangu anaingia getini na kisu cha kuvunia. Ningeweza kusema ndiyo, na watu wangenipigia makofi tena.

"Namba nne lina mtu anayelilima," nikasema. "Kumi na saba halina. Sheria ni hiyo."

Nikakitoa kibati kwenye msumari nikampelekea Mama Pacha. Alikuwa amekaa, mdogo mgongoni. Hakukipokea haraka.

"Nilikuwa nakuuliza kila wiki," akasema. "Ukinijibu bado, ulikuwa unanitazama usoni."

"Ndiyo."

"Macho makavu."

"Ndiyo. Nisamehe."

"Tuta nalichukua," akasema, na akakichukua kibati. "Zahanati ulinipeleka, asante. Lakini nyumbani kwangu wiki hii usije."

Alikuwa na haki, na alinipa za uso mbele ya watu kama mimi nilivyompa mwanangu. Tofauti ni kwamba mimi nilistahili.

Mchungaji aliuliza nani ataandika daftari sasa. Mzee wa Pampu akasema, "Tumpe nani? Mwandiko wa seremala hausomi hata seremala." Watu wakacheka, nami nikacheka huku nalia. Wamekata shauri hivi: naendelea kuandika, ila vibati vitasomwa na watu wawili, na alama zitasainiwa. Sawa kabisa. Mimi mwenyewe ningependekeza hivyo kwa mwizi mwingine yeyote.

Jumapili, 18 Mei

Baada ya ibada nimempigia wifi.

"Mwambie tuta halipo tena. Nimelitoa."

Wifi akasema, "Wewe, una akili kweli? Mwanao ameshaanza kukunja nguo za safari."

"Mwambie tu."

"Nimwambieje? Hilo ndilo lilikuwa linamrudisha."

"Najua. Mwambie."

Nilikata simu mimi. Nimekirudisha kikombe cha Bonge kabatini. Halafu nimekitoa tena. Nimekaa nimekishika mpaka majirani wakaanza kupika.

Jumamosi, 24 Mei

Mama Pacha aling'oa mchicha mgumu wote, akapekecha mbegu, akapanda upya. Maharage yanakaribia kukomaa. Aliniambia, bila kunitazama, "Haya uliyapanda wewe. Tugawane?" Nikamwambia mtu havuni tuta lisilo lake. Akaguna. Kuguna kwake kulikuwa na kacheko kadogo ndani.

Hakuna simu.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua zinakata. Nimeitwa nyumbani kwa Mama Pacha. Mlango tulifunga. Alisoma mwenyewe: mdogo ametoka kwenye nyekundu, yuko njano, na amemng'ata mwenzake. Tulifurahi kwa kung'ata kuliko kwa utepe.

Hakuna simu.

Jumamosi, 7 Juni

Bustani nzima inavuna. Vicheko, vikapu, mtu anamwita mtu. Mama Pacha alivuna maharage ya kumi na saba na kuyaanika juu ya gunia, mapacha wanafukuza kuku. Nilifundisha jinsi ya kuyaloweka. Nilifundisha vizuri. Nyumbani nilipofika nikakumbuka kwamba leo ndiyo ingekuwa siku yenyewe, leo angekuwa amefika. Nililala na viatu.

Jumatano, 11 Juni

Simu iliita nikiwa nafagia. Namba ya wifi. Nikapokea kwa kelele kama kawaida yetu, "Wifi, mgongo vipi?"

"Si shangazi. Ni mimi."

Ufagio niliushikilia. Sikuweza kuuweka chini wala kuuinua.

"Ni kweli tuta umelitoa?" akauliza.

"Ni kweli."

"Umempa nani?"

"Mama Pacha. Yule wa kufua."

"Shangazi anasema ulilificha kwa ajili yangu, miezi miwili."

"Nililificha. Na mtoto wake wa pili akafika nyekundu."

Akavuta pumzi. Nilisikia jogoo wa kule kwao, na mtoto anaimba wimbo usio na maneno. Nilimjua aliyekuwa anaimba, ila sikuthubutu kuuliza, nisije nikavunja kitu.

"Ulimpima mbele za watu?"

"Nyumbani kwake. Mlango tulifunga. Utepe alisoma mwenyewe, mimi sikusema."

Alikuwa analia, taratibu, na mimi nilikuwa nimeshaanza zamani.

"Mwanangu, nilikudhalilisha. Nilikuwa na macho ya kuona watoto wa watu wote, wako sikumwona, na wewe sikukuona. Umenisamehe?"

"Bado," akasema.

Nikasema, "Haya."

"Bonge yuko kijani, mama. Nilimpima jana. Nilisoma mwenyewe."

Mama. Nilisikia vizuri. Nilikaa juu ya ndoo.

"Orodha ya kusubiri ina watu wangapi?" akauliza.

"Kumi."

"Niandike."

"Utakuwa wa kumi na moja. Si msimu huu, labda hata mwakani. Na sitakurukisha mtu, mwanangu, hata ukija kulala getini."

"Najua. Ndiyo maana nimepiga."

Baada ya hapo Bonge akapewa simu akapumua ndani yake, hakusema kitu, nami nikamsikiliza akipumua mpaka dakika zikaisha.

Nimeligeuza daftari upande wa mbele. Nimeandika namba kumi na moja, jina lake kamili na la baba yake, kwa mwandiko mzuri. Jumamosi Mama Pacha na Mzee wa Pampu watasaini. Akija au asipokuja, Jumamosi yoyote atakayoniuliza zamu yake, nitamjibu ukweli.